Hoja Wanayobishania Mama na Mama Mdogo

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Nimeelewa! Hatimaye nimelielewa lile swali la watu wawili wanaobishana kuhusu barabara. Wa kwanza anasema ikipanuliwa, magari yatapita haraka. Wa pili anasema miti itakatwa. Wanabishania nini? Nilijibu: kama magari yatapita haraka. Kosa! Wa pili hakugusa habari ya magari. Pengine anakubali kabisa. Dawa ni kuchukua sentensi moja na kuwauliza wote wawili. Mmoja akisema ndiyo na mwingine hapana, hoja ndiyo hiyo. Aliyenyamaza, usimsemee.

Kwa bahati mbaya aliyenifafanulia ni binti wa mama mdogo, yule tunayemwita Jaji. Jumamosi tunafanya pamoja mtihani wa kuingia chuo cha sheria. Alifafanua huku akitafuna karanga. Inaudhi.

Mchana, vita katika chumba cha ushonaji. Mama hukata, Mama Mdogo hushona. Ndivyo ilivyo tangu sijazaliwa. Leo hawasemeshani. Mama anataka meza ya kukatia ikae dirishani, apate mwanga. Mama Mdogo anasema dirishani jua litapausha vitambaa. Kwaya inataka majoho yake Jumapili, na Mama Mdogo anatishia kubeba cherehani akashonee kwake. Biashara itavunjika! Isipokuwa mimi nipo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Hawabishani! Mmoja kazungumzia mwanga, mwingine kazungumzia kupauka. Yote mawili yanaweza kuwa kweli! Nilikimbia pekupeku kuwapa habari njema. Mama akaniambia nisikanyage kitambaa. Mama Mdogo akauliza kama siku hizi watoto wanasomeshwa ili waje kuwaita wazazi wao wajinga.

Jaji akanikumbusha kwamba ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nikamwambia sina jembe, nina mantiki.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Nimewahoji, kila mmoja peke yake. Mwanga ni muhimu? Wote ndiyo. Jua hupausha? Wote ndiyo. Maelewano matupu! Nikakata tamaa. Bila hoja ya ubishi, nitawapatanishaje?

Nikachimba zaidi. Mkubwa ndiye mwenye kauli ya mwisho? Mama, pini zimemjaa mdomoni, akaitikia kwa kichwa. Mama Mdogo akatupa tepu ya kupimia hadi uvunguni mwa kabati. Ndiyo na hapana! Nikaendelea. Bibi alimpenda nani zaidi? Kila mmoja akajitaja mwenyewe bila hata kufikiri. Hoja ya pili! Nikampelekea kila mmoja jibu la mwenzake, neno kwa neno. Mtafiti hafichi matokeo.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Cherehani iko kibarazani. Mama Mdogo ameifunga kamba tayari kwa kuondoka. Majoho yamelala mezani bila mikono.

Baba aliniuliza kama nimefanya jambo lolote. Nikasema nimefafanua tu. Akaweka kijiko chini, akasukuma sahani kando.

Sijali. Kosa langu ni kuwahoji mbalimbali. Kesho nawakutanisha uso kwa uso, na sentensi iwe mbele yao kwa herufi kubwa.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Ushindi!

Niliamka mapema, nikachukua chaki ya nta, nikaandika kwenye kitambaa kilichokuwa mezani: MKUBWA NDIYE MWENYE KAULI YA MWISHO. NDIYO AU HAPANA? Nikawaita. Wakaja, wakasimama, wakasoma. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nilichoandikia si kipande cha kutupa. Ni mgongo wa joho la kiongozi wa kwaya. Na chaki ya nta haitoki.

Mama Mdogo akasema, "Dada, unaona mtoto wako?"

Mama akasema, "Wangu peke yangu? Wakati wa kumdekeza alikuwa wako."

Walisemeshana! Kisha kwa sauti moja wakaniambia nitoke. Cherehani ikarudishwa ndani. Mama akakata mgongo mpya, Mama Mdogo akaanza kushona kabla mkasi haujawekwa chini. Nilitega sikio mlangoni. Walikuwa wakicheka hadi wakakohoa, na jina langu lilitajwa mara nyingi. Ni shukrani, bila shaka.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Mtihani ulikuwa mtamu! Swali moja lilihusu madaktari wawili na usingizi. Wa kwanza alisema usingizi mfupi wa mchana hudhuru. Wa pili alisema wagonjwa wake wengi hulala mchana. Nikajibu papo hapo: wanabishania madhara. Nje ya lango Jaji akasema wa pili hakutaja madhara popote. Nikamjibu kwamba mimi watu nawasoma mioyo. Yule daktari alikuwa anataka kusema, basi tu hakupewa nafasi.

Jaji akaniuliza kama nina uhakika na chuo cha sheria. Wivu!

Jumapili, tarehe 10 Machi

Majoho yamekwenda, yote yana mikono. Mama na Mama Mdogo wamekunywa chai kikombe kwa kikombe. Halafu wakaniita, wakaniambia nisiingilie tena kamwe mambo ya dada na mdogo wake. Nimekubali kwa moyo mweupe.

Lakini ugomvi wa Baba na jirani wa ukuta wa nyuma, ambao hawajasalimiana tangu mwaka jana, hawakuutaja hata kidogo. Jirani anakuja saa kumi. Nimeshamwambia Baba avae shati.