Kioo cha Fundi Sudi

Jumatatu, 3 Machi
Sijamwambia muntu hata mumoja: kioo cha dirisha la fundi Sudi nimekivunja mimi. Nililenga panya kwa ndala. Panya alipona, ndala ikaingia ndani, nami nikakimbia. Mama Marceline, mwenye parcelle tunamopanga sote, ameuliza ni nani. Mimi aibu inanishika hata nikitumwa mkate.

Jumanne, 4 Machi
Mwalimu amefundisha, kwa Kifaransa, kwamba kioo kikivunjika kisirudishwe, wezi huona mahali hapana mwenyewe, wanaingia. Dawa: kutovumilia hata kosa dogo. Tena mhalifu hupima kwanza faida na hasara. Nimepima. Nikikiri, Mama Marceline atapiga kelele Kamalondo nzima isikie. Nikinyamaza, hasara hakuna. Mwalimu iko na akili.
Dawa hiyo nimeiandika kama sheria, nikaibandika kwenye lango la uani, bila jina.

Jumatano, 5 Machi
Nilitafsiri mbiombio. Imesomeka: "Kila kioo kilichovunjika kitaadhibiwa." Fundi Sudi ameuliza kama kioo ndicho kitachapwa fimbo. Wapangaji wamecheka. Mama Marceline hakucheka. Ameanza na papa, baba yangu: ametema mate uani, basi salongo, kufagia uwanja wa wote, siku tatu. Papa anafagia huku akiuliza ni mujinga gani aliandika karatasi ile. Nimemsaidia kuuliza.

Alhamisi, 6 Machi
Watu saba wanafagia. Mwizi sijaona hata mmoja. Zamani pia sikuwahi kumwona, lakini sasa ni kwa sababu ya sheria.
Mama Marceline amekata neno: kioo ni cha chumba cha Sudi, basi kosa ni lake. Ahame Jumamosi. Miaka kumi na moja yuko hapa na cherehani yake. Amejibu tu, "Sawa, mama." Kisha ametazama miguu yangu. Nilikuwa na viatu vya shule, na shule ilikwisha saa sita.

Ijumaa, 7 Machi
Nimekwenda kwa Mama Marceline kusema yote. Nimeingia bila hodi. Kwa kosa hilo nimepewa salongo, nikarudi na neno langu mdomoni.

Jumamosi, 8 Machi
Fundi amefunga vitambaa. Amepita dirishani kwangu, sauti ya chini: "Lombe, ndala yako iko kwangu tangu Jumatatu. Nilingoja uje mwenyewe."
Siku tano anakaa na kitu cha mwenziwe! Mwalimu alisema kweli: kioo kimevunjika, mwizi ameingia. Kifungu kipya: waficha ndala wasivumiliwe.
Hatua uani. Mbili za Mama Marceline, nzito. Mbili za fundi. Anamwambia, "Ngoja, mama, mutoto iko na neno." Wamefika mlangoni. Ukurasa huu nauweka chini ya godo—