Malalamiko Kuhusu Bwawa la Maji ya Moto Nililoogea na Baba Mkwe

Anord Shemweta,
Mazinde.

Kwa Mkurugenzi,
Nyumba ya Wageni ya Maji ya Moto,
Lushoto.

Ndugu Mkurugenzi (na shemeji yangu Glory),

YAH: KUHARIBIWA KUTOELEWANA KWANGU NA BABA MKWE

Pokea salamu za kutoka huku bondeni, ambako sote ni wazima na joto ni lile lile. Nakuandikia kwa heshima zote nikiwa mteja wako wa kwanza. Utakumbuka ulitualika mimi, dada yako Yunis na baba yenu, Mzee Hezekia, tuijaribu nyumba yako kabla hujaifungulia wageni. Ulisema kwamba huko Japani ulikofanya kazi, kwenye nyumba za wageni zilizojengwa penye chemchemi za maji ya moto, ulijifunza jinsi ya kumpumzisha binadamu. Napenda kukufahamisha kwamba mimi sijapumzika tangu siku ile. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Viatu. Nilikuja na viatu vyangu vya harusi, nimeving'arisha makusudi ili baba mkwe avione. Ukavichukua mlangoni ukavifungia kabatini, ukanipa ndala. Tulipofika kwenye mikeka, ndala nazo zikavuliwa. Chooni nikakuta ndala nyingine, za choo peke yake, nami kwa kusahau nikatoka nazo hadi sebuleni. Ukapiga kelele, "Shemeji, ndala za chooni!" Baba yenu, mzee wa kanisa anayetafuta sababu ya kunidharau tangu nimwoe binti yake akawa amepewa sababu mbili, ya kushoto na ya kulia.

2. Mavazi. Ulitupa mimi na Mzee majoho yanayofanana, yasiyo na kifungo wala mfuko, ya kufunga kwa mkanda. Mzee akalivaa lake upande wa kulia ukiwa juu. Ukamnong'oneza kwamba kule Japani hivyo ndivyo anavyovishwa maiti. Sijawahi kumwona mtu wa umri ule akibadilisha nguo kwa kasi vile. Nikacheka. Sikukusudia, kicheko kilitokea puani. Mzee akamgeukia Yunis: "Mwambie mumeo kwamba hata maiti ana adabu kuliko yeye."

Hapa naomba ikumbukwe kwamba mimi na Mzee tulikuwa na utaratibu wetu. Tangu nilipomtoa Yunis kwenye baridi nzuri ya Soni nikamshusha Mazinde jotoni, Mzee hakuwahi kusema nami moja kwa moja. "Mwambie huyo bwana chai ipo." "Mwambie mvua inakuja, aondoke." Yeye alininunia, mimi nilimwogopa, na kila mtu alijua nafasi yake. Nani alilalamika?

3. Chakula. Sina ugomvi na uyoga, wala na kile kipande cha boga kilichokaa peke yake katika sahani kama mgonjwa wodini. Ugomvi wangu ni kula huku nimepiga magoti. Mzee aliposema tusimame tushukuru, miguu yangu ilikuwa imeshakufa ganzi. Nikainuka, nikaanguka kifudifudi miguuni pake. Akawageukia ninyi, akasema, "Mwambieni ainuke. Sijafikia hatua ya kumsamehe."

4. Bwawa. Hili ndilo kubwa.

Ulisema ni maji ya kijito tu, yanachemshwa kwa kuni za mikaratusi, kwa hiyo hakuna la kuogopa. Hukusema kwamba upande wa wanaume ni bwawa moja, na kwamba mtu anaingia kama alivyozaliwa, akiwa na kitaulo cha ukubwa wa leso ambacho nacho anakiweka kichwani! Shemeji, wewe ni Mshambaa. Unajua mtu na mkwewe hata kupishana mlangoni ni kazi.

Nilitangulia nikiwa nimefumba macho, nikazama hadi shingoni, nikatazama ukuta. Mzee akaingia akitazama miti. Tukakaa tumepeana migongo. Kuingia kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa kutoka, maana atakayetangulia ndiye atakayeonekana.

Nikamsubiri. Akanisubiri. Ukungu ukashuka kutoka mlimani, ukachanganyika na mvuke. Yunis akaita kutoka upande wa wanawake, nyuma ya mbao, "Baba, bado mpo?"

"Mwambie mumeo atangulie."

"Anord, Baba anasema utangulie."

"Mwambie Baba wakubwa kwanza."

"Baba, Anord anasema wakubwa kwanza."

Yunis akachoka, akaenda zake kunywa chai na wewe. Tukabaki bila mtu wa kupitishia maneno. Nikasikia, "Wewe." Nikageuka kuona anaongea na nani. Hapakuwa na mwingine.

"Wewe Anord. Vidole vyako vikoje?"

"Vimekunjamana, Baba."

"Vyangu pia. Tutatoka humu kama matunda yaliyokauka."

Akacheka. Mimi sikuwahi kujua kwamba huwa anacheka. Kisha akaniambia, akiwa bado anatazama miti, kwamba joto la Mazinde halikuwa sababu. Tangu mama yenu afariki, mtu pekee aliyekuwa anambishia nyumbani alikuwa Yunis, nami nikaja nikamchukua. "Siku hizi nikisema jambo, ukuta unakubali," alisema. "Mtu hawezi kuishi na kuta zinazokubali."

Nikamjibu kwamba Yunis hajaacha. Jana yake tu alinibishia kuhusu jina langu mwenyewe, kwamba linaandikwa vingine. Mzee akacheka hadi akateleza, akazama, kikabaki kitaulo kinaelea. Nikamrukia, nikamshika makwapani, nikamtoa nje. Tukasimama penye ukungu, yeye anakohoa, mimi nampiga mgongoni, na hakuna aliyekumbuka kuona aibu hadi mlipogonga mlango kuuliza kuna nini.

5. Matokeo. Sasa Mzee ananipigia simu kila asubuhi, mimi mwenyewe, bila kupitia kwa mtu. Ananiita "mgosi", kama wanaume wa rika moja wanavyoitana. Sokoni Soni amesimulia jinsi nilivyomwokoa, na kila anaposimulia bwawa linazidi kina. Ameteremka Mazinde na kapu la mapeasi, akaketi kwangu, anabishana na Yunis kutwa nzima, kisha wote wawili wananigeukia niseme nani mkweli. Nikisema Mzee, silali. Nikisema Yunis, Mzee anafurahi kwamba kapata wa kumbishia, anaongeza siku za kukaa.

Kwa hiyo naomba bwawa ligawanywe kwa ukuta. Pia libandikwe tangazo kwamba wakwe hawaruhusiwi kuogea pamoja. Zaidi ya yote, Mzee arudishiwe hasira zake kama alivyoingia nazo, bila kupungua. Nisipojibiwa nitalipeleka suala hili kwenye kikao cha ukoo, kisha kwa mchungaji, na ikibidi ubalozini, Wajapani wenyewe waeleze walikuwa wanatafuta nini katika familia yetu.

Nisalimie wote hapo Lushoto, na yule anayechochea kuni mwambie apunguze.

Ni mimi shemeji yako niliyechemshwa,

Anord Shemweta

N.B. Nitumie haraka vipimo vya bwawa lako na aina ya mawe. Mimi na Mzee tumeanza kuchimba letu nyuma ya nyumba, na shimo limeshafika kiunoni. Yunis anasema mtu anayechemsha maji ya kuoga hapa Mazinde apelekwe hospitali. Lakini Mzee anasisitiza lisiwe dogo: ameshampigia simu baba yangu mzazi, naye yuko njiani kutoka Magoma na taulo lake.