Kikosi cha Wembe Chakimbiwa na Mganga

"Jamani, mganga wangu kanikimbia!"

Wembe, kinyozi, alitoka mlangoni mwa saluni yake na rimoti ya gemu mkononi, uso kama wa mtu aliyefiwa. Benchini walikuwepo wale wale: Kamusi, karani mstaafu asiyekosa jibu, na Sindano, fundi cherehani wa chumba cha pili, dada wa mke wake Wembe.

"Mganga? Shemeji, tangu lini unaaguliwa?" Sindano akauliza, sindano ikining'inia mdomoni.

"Wa kwenye gemu! Mimi ndiye kapteni, nina watu wanne wa kwenda kupambana na joka. Miezi mitatu nakijenga kikosi. Leo kaniandikia: 'Kapteni, nimechoka.' Kaondoka na dawa zote!"

"Ulimfanya nini?"

"Sikumfanyia kitu!"

"Haya, umeshajijibu. Alivaa nini?"

Wembe akajikuna kisogo. "Gunia. Deraya za chuma niliwapa wale watatu wa mashoka. Wao ndio wanapigana. Yeye kazi yake kutibu tu... na kubeba mizigo."

"Yaani anayewaponya nyote ndiye punda wenu!"

Kamusi akakohoa kiofisi. "Mtumishi akiondoka, nafasi hujazwa. Twendeni ndani tukasaili."

Wakabanana mbele ya televisheni ya saluni. Waliokuwa wakitafuta kazi ni wawili tu. Wa kwanza bibi kizee, tabibu, aliyetaka viatu, usingizi wa kutosha na asifokewe. Wa pili mpiga zeze mwenye kofia ya manyoya, aliyepiga magoti akaimba: "Kapteni wewe ni jua, joka likikuona litaomba radhi!" Huyo hakutaka chochote.

"Chukua bibi," Sindano akasema.

"Bibi gani ana masharti hata hajaajiriwa?" Kamusi akaruka. "Huyu mwingine ana nidhamu. Ona anavyoinama!"

"Huyo chawa, mzee wangu. Na chawa huinama vilevile, anatafuta pa kunyonya."

Wembe alijua shemeji yake anasema kweli. Lakini ni miaka mingapi, nyumbani au kazini, tangu mtu amwite hata mwezi mchanga, sembuse jua? Akabonyeza: mpiga zeze.

Ndani ya pango, joka lilizungusha mkia mara moja tu, wawili wa mashoka chini. Wembe akabonyeza kitufe cha tiba. Mpiga zeze akaimba. Akabonyeza tena. Ubeti wa pili.

"Mwambie awafunge hata bandeji!" Sindano akapiga kelele.

"Hajui! Anajua vina tu!"

Wa tatu akaanguka na deraya yake, inang'aa kama sufuria mpya. Joka likamgeukia kapteni. "Njoo unisaidie, mwanaharamu wewe!" Wembe akafoka, lakini mpiga zeze alikuwa keshafika mlango wa pango, zeze mgongoni, anatimua vumbi.

Kapteni akafa saa tisa na dakika kumi, mchana kweupe, miezi mitatu ikaenda naye.

Kisha maandishi ya dhahabu yakajitokeza kwenye kioo cha televisheni: KIKOSI KIMEPATA KAPTENI MPYA. Chini yake, picha ya mtu mwenye kofia ya manyoya, anatabasamu.

Kamusi akasimama, akapiga makofi peke yake.

"Si niliwaambia ana nidhamu? Siku moja tu kazini, keshapanda cheo!"