Jeraha la Kuazima

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua! Nitasomea uchambuzi wa nafsi. Mtu analala kwenye kochi, anasema lolote linalomjia kichwani, wewe unasikiliza mpaka yeye mwenyewe agundue kinachomsumbua. Makochi nayajua, nayauza. Kusikiliza ndiyo usiseme. Wiki iliyopita mama mmoja mjane alikaa kwenye kochi la kona akanisimulia habari za marehemu mumewe mpaka tukafunga duka. Hakununua hata mto. Nilirudi nyumbani na furaha ambayo duka halijawahi kunipa. Hiyo ndiyo kazi yangu, jamani.

Tatizo moja. Kwenye usaili wa chuo, Ijumaa hii, mwombaji anatakiwa aeleze jeraha la utotoni lililomfikisha pale. Nimekuna kichwa siku nzima. Niliwahi kuanguka kitandani. Nikaangukia godoro.

Jumanne, 4 Machi

Nimempigia mama. Nikamuuliza kwa upole kama aliwahi kunitesa. Akawaka: nani huyo anayesema alinilea vibaya, nimtajie jina. Nikamwambia ni kwa ajili ya masomo. Akasema masomo gani hayo ya kumtukana mzazi. Akakata simu.

Mke wangu anasema jeraha anaweza kunipa hata leo, ila la utotoni nimechelewa. Hana msaada.

Jumatano, 5 Machi

Wivu umenikaba. Keshia wetu dukani ana majeraha tele, hata hajui aanzie wapi! Wengine wamezaliwa na bahati zao. Nimembembeleza aniazime moja. Kakubali, mradi nimshikie zamu yake ya Jumamosi. Nimepata la baba aliyeondoka asubuhi ya mvua bila kuaga, kabeba redio. Zuri mno. Nikafanya mazoezi mbele ya kabati lenye kioo. Machozi yakaja yenyewe! Mteja aliyelitaka kabati hilo akarudi mlangoni kimyakimya. Meneja kanikaripia. Hajui anazungumza na nani.

Ijumaa, 7 Machi

Balaa!

Msaili alikuwa mama wa makamo, miwani puani, sauti ya chini. Nikaanza. Mvua, baba, redio. Anaandika. Nikajifuta jicho. Anaandika zaidi. Nikajiona nimeshaingia chuoni.

Mlango ukafunguliwa. Mama! Mke wangu ndiye aliyemwelekeza, huyo tutaonana. Na nyuma ya mama, baba, kashika mkoba wa mama na chakula changu cha mchana.

Mama akasema amekuja kusafisha jina lake. Kwamba nilinyonya mpaka nikawa namletea kiti mwenyewe. Kwamba nililala chumbani kwao hadi ndevu zikaanza kuota. Kwamba hata leo akiota nina homa, humwamsha mke wangu kwa simu. Anasema hayo huku ananifuta kona za mdomo kwa leso. Baba akauliza redio ipi, maana ya nyumbani ipo na inashika stesheni zote.

Msaili akavua miwani. Akamvutia mama kiti, akamwomba aendelee. Mimi hakuniuliza tena kitu. Nikala.

Jumatatu, 10 Machi

Msaili kapiga simu. Kwa mwaka huu hawawezi kunipokea. Ila ananishauri nianze kulala kwenye kochi mimi mwenyewe, kama mgonjwa, nizungumze taratibu habari za mama. Nikishayamaliza hayo, niombe tena. Mke wangu anasema nimekataliwa. Nikamuuliza, mtu aliyekataliwa huambiwa aombe tena? Nina furaha kama nini!

Na kosa nimeshaliona. Baba kuondoka peke yake ni jeraha dogo. Mwaka ujao nitakuwa yatima, pande zote mbili. Nimempigia mama, hasira zimekwisha, kakubali papo hapo kunisaidia mazoezi. Anauliza tu kama yatima anaruhusiwa kuvaa sweta, kwa sababu kile chumba cha usaili kina baridi.