Mkaguzi wa Jozi Akagua Chumvi

Jumatatu, 3 Machi

Daktari wa ngozi ametoa jibu. Mwili wangu haupatani na madini joto. Yale yanayotiwa kwenye chumvi ili watu wasiote tezi shingoni. Wengine wote yanawafaa, amesisitiza. Mimi yananitoa vipele kuanzia viwikoni mpaka kisogoni. Nimekula chumvi nyingi hapa duniani, sasa ni zamu yake kunila mimi.

Amenipa karatasi. Chumvi ya pakiti yenye madini joto, hapana. Samaki wa baharini, hapana. Maziwa na mayai, kidogo na kwa tahadhari. Mkate, uliza kwanza umetiwa chumvi gani. Soma lebo ya kila kitu. Andika ulichokula na saa ulipoanza kujikuna. Mwishowe akaniambia nisitie chumvi. Mke wangu amekuwa akiniambia hivyo miaka kumi na tisa, ila yeye huwa ana maana nyingine.

Nikaomba barua yenye mhuri. Akauliza ya nini. Nikasema ya kumbukumbu.

Kumbukumbu gani! Ijumaa kiwanda chetu cha viatu kinachagua mwenyekiti wa kamati ya chakula. Nimeshaangushwa mara mbili na Gundi. Ni mkuu wa kitengo cha kubandika soli, na yeye mwenyewe amejibandika kwenye kiti hicho miaka sita. Mwenyekiti huingia kikao cha meneja. Hupewa kiti chenye mikono. Mimi ni mkaguzi wa jozi. Kushoto na kulia, saba na saba, nane na nane, kutwa nimesimama. Lakini safari hii nina ugonjwa. Gundi ana nini? Afya tu.

Jumanne, 4 Machi

Mke wangu ameisoma karatasi ya daktari mara mbili, akaibandika mlangoni jikoni. Ameamka alfajiri kunikandia mkate usio na chumvi. Nikamwambia una ladha ya sponji ya ndani ya kiatu. Alifunika uliobaki kwa kitambaa.

Kazini nikaenda kantini na barua mkononi. Mpishi pale ni dada mkubwa wa mke wangu. Wafanyakazi wanamwita Mama Upawa kwa sababu hauachi upawa hata akienda kusaini mahudhurio. Nilijiandaa kumkuta na kosa. Hana! Amesema mdogo wake alimdokeza tangu Januari, daktari alipoanza tu kushuku. Tangu siku hiyo ananipikia pembeni kwenye sufuria ndogo. Chumvi yake ni ya mawe, haijatiwa kitu. Akatoa mfuko wake. Akanionyesha lebo. Hata maharage huyaosha upya.

Habari mbaya sana. Chakula kikiwa salama, barua yangu ina kazi gani?

Hata hivyo usiku sikulala kwa kujikuna. Basi mtu anadanganya. Nimemeza vile vidonge vya kijani vya kusafisha damu, vya asili kabisa, nilivyouziwa na bwana mmoja wa stendi. Jana vitatu. Leo vinne.

Jumatano, 5 Machi

Kinyozi wangu amenipa siri. Amesema chumvi yenye madini joto ukiichanganya na wanga na ndimu hugeuka zambarau. Aliambiwa na mteja aliyewahi kufundisha sayansi. Au aliyewahi kuishi jirani na mwalimu wa sayansi, hakumbuki vizuri.

Nimejaribu nyumbani. Nimechukua ile pakiti ya mke wangu iliyoandikwa waziwazi MADINI JOTO. Wanga, ndimu, koroga. Nyeupe. Nikarudia. Nyeupe. Mara ya tatu mke wangu akauliza kama nataka kuumaliza wanga wote wa nguo. Nimeamua pakiti hiyo imezeeka.

Mchana nikachota kijiko cha chumvi ya mawe kantini, shemeji alipogeuka kuchuja mchele. Nikajibanza nyuma ya rafu za namba tisa. Nikachukua kikombe changu cha bati pale mezani pa kazi. Wanga, ndimu, koroga.

Zambarau! Zambarau kama joho la askofu!

Nilirukaruka peke yangu. Mkanda wa mashine ukapitisha jozi kumi na mbili zote za mguu wa kushoto. Acha zipite. Nimemshika.

Ijumaa, 7 Machi

Siku yangu kubwa. Naandika kwa utaratibu ili nisisahau hata dakika moja.

Mkutano ulikuwa kantini, saa nane. Gundi alisimama kwanza. Akaeleza habari za feni mpya na meza zisizoyumba. Wakampigia makofi. Nikasimama mimi, shati nimefungua vifungo viwili ili shingo ionekane. Nikasoma barua ya daktari mpaka kwenye mhuri. Kisha nikamwita shemeji mbele ya watu wote. Nikamuuliza ananipikia kwa chumvi gani.

“Ya mawe,” akasema. “Shemeji, si nilikuonyesha?”

Nikaomba ailete mwenyewe. Nikatoa kikombe, wanga, ndimu. Nikakoroga polepole. Nikakiinamisha ili meneja aone.

Ukumbi mzima ukasema aah.

Shemeji alikitazama kikombe. Akasema hajui rangi ile imetoka wapi. Akasema haogopi chumvi yake kupelekwa maabara. Meneja ni mtu wa kuogopa magazeti. Alisikia neno maabara akaanza kutokwa jasho. Akasema kumdanganya mgonjwa mwenye barua ni jambo zito. Mpishi asimamishwe kazi kuanzia leo mpaka uchunguzi ukamilike.

Shemeji alivua aproni, akaikunja mara nne. Akaweka upawa juu yake.

Hapo Gundi akainuka. Alisema amekula chakula cha mama huyu miaka sita na hajaona ujanja wowote. Kama kamati ya chakula ndiyo hii, yeye jina lake liondolewe. Akatoka. Kitengo chake chote kikamfuata.

Kwa hiyo nimeshinda bila kupingwa. Hakuna aliyepiga makofi, lakini ni kwa sababu waliobaki walikuwa wachache.

Jumamosi, 8 Machi

Mke wangu amefunga mabegi mawili. Nilimweleza kwamba haki haiangalii undugu. Nilimweleza kwamba hata mimi niliumia. Alikuwa anatafuta viatu vyake vya kazini chini ya kitanda, akasema akiwa bado ameinama.

“Dada yangu amekutengea sufuria yako tangu Januari. Wewe umemtengea nini?”

Akainuka. Alikuwa analia, na mimi sijazoea.

Amekwenda kwa dada yake. Jikoni ameacha mikate miwili chini ya kitambaa. Nimeila yote miwili leo. Ilikuwa bado na ladha ya sponji. Nimeila nimesimama.

Jumatatu, 10 Machi

Siku ya kwanza ya uenyekiti. Meneja ameleta mtu wa nje anayeleta chakula kwenye maboksi. Mkate, mayai mawili, kipande cha samaki. Nimesoma lebo ya boksi. Mkate una chumvi yenye madini joto. Samaki ni wa baharini. Mayai sina hakika, lakini hata kuku mwenyewe hana hakika. Wenzangu mia mbili walikula na kulalamika kwamba kimepoa. Mimi sikuwa na hata cha kulalamikia. Nimeshinda na maji.

Fundi wa cherehani, mama mmoja mpole ambaye hajawahi kuninunia, amenipita mlangoni akaniuliza kama mwenyekiti ameshiba.

Saa kumi likatokea jambo. Nilitaka kuosha kile kikombe, nikiweke kwenye kabati la vioo kama kumbukumbu ya kihistoria. Nikamimina maji. Yakawa zambarau. Nikamwaga, nikamimina mengine. Zambarau. Nikaongeza ndimu tupu, bila chumvi, bila wanga. Zambarau!

Nikakaa kwenye kreti.

Ni kikombe ninacholowekea mihuri ya namba za soli. Wino umeganda chini kabisa, kwenye ule mkunjo wa bati. Miaka yote. Ukikwangua kwa kijiko unatoka.

Nimekiosha kwa petroli na mswaki mpaka kikang'aa. Kisha nikakaa tena. Ningeweza kwenda kwa meneja palepale, ofisi yake ni hatua arobaini. Nilizihesabu hatua hizo kwa macho. Lakini kikao cha kwanza ni Jumatatu ijayo, na kiti chenye mikono sijakikalia hata mara moja. Mtu ahukumiwe kwa kikombe?

Nimekitupa nyuma ya jenereta.

Alhamisi, 13 Machi

Vipele vimepanda mpaka masikioni. Nimerudi kwa daktari. Nilikwenda na daftari, nimeandika kila kitu kama alivyoagiza: maji, viazi vya kuchemsha nilivyochemsha mwenyewe bila chumvi, ndizi, maji. Alisoma. Akakunja uso. Akasema kwa chakula hiki ningekuwa nimepona.

Akauliza kama kuna kitu kingine nameza. Nikasema hapana. Akauliza dawa. Nikasema hapana. Akauliza hata za asili. Nikasema za asili si dawa, ni za asili. Akanyoosha mkono.

Nikatoa kichupa. Akavaa miwani. Akasoma lebo, yale maandishi madogo ya nyuma ambayo mimi sikuyasoma kwa sababu mbele pameandikwa SAFI. Vidonge vimetengenezwa kwa mwani uliokaushwa. Mwani, akasema taratibu, kama anamwambia mtoto, ni mmea wa baharini. Katika vitu vyote nilivyopaswa kuviogopa, huenda hakuna chenye madini joto mengi kuliko hicho. Akaniuliza nimemeza vingapi.

Nikasema siku nyingine vitatu.

Akanitazama.

Nikasema juzi na jana saba.

Alivitia kwenye pipa la taka mwenyewe, akauliza nani alikuwa ananipikia, nikamtajia sufuria ndogo. Akasema mpishi wangu wa kantini anastahili shukrani, maana bila yeye hali ingekuwa mbaya zaidi mapema. Nikamwambia nitazifikisha.

Njiani nikafikiri. Nilihangaika na chumvi ya kila mtu, mkate wa kila mtu. Nikafika mbali kidogo na wazo hilo. Halafu ikanijia wazi kabisa kosa ni la nani. La yule bwana wa stendi! Nikapita kumtafuta. Hayupo. Wanasema amehamia kwenye biashara ya miwani.

Jumatatu, 17 Machi

Ngozi imetulia. Shingo inatazamika.

Nimekikalia kiti. Mkono mmoja umelegea, ukiuegemea unachomoka. Kikao kilikuwa na jambo moja, kwamba maboksi yamemchosha kila mtu, na watu hawayagusi tena. Meneja aliuliza mwenyekiti ana maoni gani. Nikasema kamati inalifanyia kazi. Akauliza uchunguzi wa mpishi umefika wapi, maana maabara wamejibu. Chumvi ya mawe haina kitu. Safi. Akanitazama kama anayetaka kusaidiwa.

Ilikuwa ndiyo nafasi. Sentensi moja tu. Hata nilifungua mdomo.

Nikasema maabara nazo hukosea.

Meneja akasema hata hivyo amempelekea mama yule barua arudi. Na mama ameirudisha barua bila kuifungua.

Jumanne, 18 Machi

Nimejua kwa nini maboksi hayaguswi. Ng'ambo ya barabara, mbele ya lango letu, shemeji ameweka meza mbili na jiko la mkaa. Mke wangu anaosha sahani. Mstari wa watu unafika kwa mlinzi. Gundi mwenyewe alikuwa amebeba benchi begani.

Nilikuwa sijapikiwa chakula cha moto siku kumi na moja. Nikapanga mstari. Watu wakanyamaza kuanzia nyuma kwenda mbele, kama taa zinazozimwa moja moja. Mke wangu aliniona, akainamia beseni.

Nilipofika mezani nilitaka kusema neno. Nilikuwa nimelitunga tangu langoni. Shemeji hakunipa nafasi. Alifunika sufuria kubwa, akainama chini ya meza, akatoa ile ndogo. Ilikuwa ya moto. Maana yake kila siku anaiweka, nije nisije. Akanijazia viazi na maharage, akaninyooshea sahani.

“Haina kitu,” akasema. “Kula.”

Nikala nimekaa peke yangu kwenye ukingo wa mfereji. Sikujikuna. Nilimaliza hadi mchuzi. Sahani nikamrudishia mke wangu, akaipokea bila kuinua macho, vidole vyake vimekunjamana kwa maji. Nilitaka kumwambia arudi nyumbani. Nikaona si mahali pake, watu wengi.

Jioni nimekaa na jambo hili kwa makini. Haiwezekani mambo yabaki hivi. Familia lazima ipatane, na lazima mtu mmoja achukue hatua ya kwanza. Nimeamua niwe mimi.

Nimeandika tangazo, kesho nalibandika langoni. Kwa amri ya mwenyekiti wa kamati ya chakula, hakuna mtu kuuza chakula mbele ya kiwanda bila kukaguliwa na kupewa kibali na mwenyekiti mwenyewe. Shemeji atalazimika kuja ofisini. Mke wangu atamsindikiza. Nitawapa viti. Nitakagua sufuria moja moja, bila haraka, kisha nitapiga mhuri.

Halafu, mbele ya mdogo wake, nitamsamehe.