Kamera ya Tangi

Jumatatu, 8 Septemba

Tangi limeshuka tena. Niligonga alfajiri kabla ya kwenda msikitini, sauti ilikuwa nzito hadi mstari wa pili kutoka juu. Jioni nimerudi kutoka kazini, nikagonga, linalia kama ngoma. Humu ndani tumebaki wawili tu, watoto wameoa na kuolewa. Watu wawili hawamalizi nusu tangi hata wakishinda wanalamba chumvi.

Nimemuuliza mke wangu. Akasema amefua. Nikamuuliza amefua nini, jeshi? Akasema nikae nile.

Mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha magodoro. Kazi yangu ni kutomwamini mtu, na ndiyo inayonilisha. Kwa hiyo najua: mali haipotei, inahamishwa. Na upande wa pili wa ukuta wetu anakaa Jicho.

Nimempa jina hilo tangu alipoweka kamera getini kwake, nyeusi, ya mviringo, kama jicho la samaki. Siku hizi hata wauza mkaa wanamsalimia kwa adabu. Mtaani kwetu maji ya bomba hutoka kwa zamu, siku moja upande wetu, siku nyingine upande wao. Lakini mkewe Jicho anafua hata siku ambazo kwao bomba ni kavu. Nguo nimeziona kwenye kamba kwa macho yangu. Mola anisamehe kama namdhania vibaya. Ila simdhanii vibaya.

Nimeamua. Naweka kamera, na yangu itakuwa kubwa kuliko yake.

Jumanne, 9 Septemba

Alfajiri Jicho akaja kusimama pembeni yangu safuni, bega kwa bega. Nikajifanya nakohoa, nikarudi safu ya nyuma. Pale msikitini mimi ndiye msimamizi wa mabomba ya udhu, napita kufunga koki watu wakishamaliza. Jicho akitawadha anafungua koki yote. Mtu wa namna hiyo maji yake hayawezi kumtosha.

Shemeji, kaka yake mke wangu, ni fundi umeme. Amejitolea kunichagulia kamera na kuifunga bure. Nikamshukuru sana, nikakataa. Na yeye hupita nyumbani nikiwa kazini. Stoo huwezi kumpa ufunguo mtu ambaye bado hujamwondolea shaka. Nitafunga mwenyewe. Kuna video za kufundisha, na Mungu amenipa mikono miwili.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimeenda dukani baada ya kazi. Muuzaji ni mwanamke wa rika la binti yangu, mpole, ila anauliza maswali kama askari. Kwanza akaniuliza nataka kuona nini. Nikamwambia mwizi. Akauliza ninayemjua au nisiyemjua. Nikamwambia, binti yangu, hilo wewe linakuhusu nini.

Akanieleza kwamba lina maana yake. Kama nataka sura ya mgeni getini, nichukue ya waya yenye kisanduku cha kurekodia, picha yake haitetereki. Kama nataka kuchunga kitu kimoja uani, inatosha isiyo na waya, yenye sola na kadi ndani, ila lazima intaneti ifike pale. Tena nichague yenye jicho jembamba, iishie kwenye hicho kitu tu, isichukue ua mzima. Halafu akaniuliza nani mwingine atakuwa anaziangalia hizo picha, maana nyumbani kuna watu.

Nikamwambia nitaangalia mimi na Mwenyezi Mungu.

Nimechukua isiyo na waya, yenye jicho pana kupita zote. Kwenye boksi wamechora nyumba nzima na bustani yake, mbwa wake, na gari lake. Kwa nini nilipe nione tangi tu wakati naweza kuona kila kitu? Haina sauti. Muuzaji akasema yenye sauti na spika ipo, unaongea na simu ukiwa popote, sauti inatokea kwenye kamera. Nikaona ni anasa. Mwizi simwiti kwenye mazungumzo.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku mbaya.

Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama nikipanda ngazi. Akaniuliza swali moja tu: hicho kitu kitamwona yeye? Uani ndipo anapofulia, ndipo anapofumua nywele zake, ndipo anapokaa na kanga moja jua likizidi. Nikamwapia kwamba kinaona tangi tu. Sikusema uongo. Tangi linaonekana.

Kisha nikatoboa ukuta. Video ilisema tafuta sehemu imara. Nikaipata, drili ikagoma, nikaegemeza kifua, ikazama. Maji yakanirukia usoni. Nilikuwa nimetoboa bomba linaloshuka kutoka kwenye tangi. Nikaziba kwa kidole. Nikaita. Mke wangu akaja na ndoo, na sufuria, na beseni, lakini koki ya kufungia iko nyuma ya tangi na mimi ndiye niliyeizuia kwa tofali mwaka jana ili mtu asiifikie. Tangi zima likamwagika. Kuku wa mtaa wakaja kunywa.

Sikusikia akicheka wala akinung'unika. Alijifunga mtandio, akatoka, akarudi na ndoo ya maji kutoka kwa Jicho. Ndoo ya kijani, mkono wake umekatika wakafunga waya wa umeme mwekundu. Nikachota kikombe nikayaonja. Ladha ya tangi letu kabisa, ile ya plastiki iliyopigwa jua. Nikamwambia mke wangu, unaona? Wanatukopesha maji yetu wenyewe.

Akasema basi usiyanywe.

Jumapili, 14 Septemba

Nimeziba bomba kwa gundi na mpira wa baiskeli. Kamera nimeifunga chini ya paa. Imeinama kidogo, kwa hiyo kwenye simu ua wetu unaonekana kama meli inayozama, lakini kila kitu kimo: tangi, ukuta wa Jicho, kamba ya nguo, mlango wa jiko, kigoda cha mke wangu.

Kamera ikiona kitu kinatembea, simu inalia. Mchana wa leo simu imelia kwa sababu ya kuku, shuka, kuku yule yule, na mimi mwenyewe nikienda kuangalia kwa nini inalia.

Mke wangu hakukaa uani leo. Kigoda kilikuwa tupu kutwa nzima. Nimemwambia tena, linaonekana tangi tu. Akaniamini. Miaka yote hii tumeishi hivyo, mimi naapa na yeye ananiamini, alhamdulillahi.

Jumanne, 16 Septemba

Nimemnasa!

Nilikuwa stoo natoa sponji, simu ikalia. Mtandao wa kiwandani ni wa kubembeleza, video haikufunguka, ikaja picha moja tu. Lakini picha gani! Ndoo ya kijani yenye waya mwekundu, iko juu ya ukuta wetu, na mkono umeishika. Mkono basi. Mwili umekatwa na kona ya tangi. Nikakaa juu ya magodoro nikamshukuru Mola. Sikutaka hata kuifungua video nilipofika nyumbani. Ushahidi haufunguliwi kabla ya mashahidi, hata kazini mzigo wa mashaka tunaufungua mbele ya meneja.

Nimeongea na imamu baada ya isha. Nikamwomba aje kesho baada ya alasiri, aje na Jicho, kuna jambo la haki ya jirani. Akaniuliza kama nimeshaongea na jirani mwenyewe kwanza. Nikamwambia jambo limeshapita hapo.

Jumatano, 17 Septemba

Naandika ili nisisahau namna walivyonigeuka.

Niliomba ruhusa kazini. Nikaunganisha simu na televisheni, imamu asiumize macho. Wakaja, wakakaa. Mke wangu yuko jikoni anatengeneza chai, sikumwambia wageni wamefuata nini, nilitaka na yeye ajionee. Nikasema maneno machache kuhusu amana. Jicho akaniuliza kwa upole, jirani, kuna nini? Nikamwambia tulia utaona. Nikabonyeza.

Ikaonekana ndoo juu ya ukuta. Nikasema, hiyo ni ya nani? Jicho akasema ya kwake. Nikasema, sheikh, umesikia. Kisha akatokea upande wa pili wa tangi mwenye ule mkono. Mke wangu. Kanga moja, mabega nje, kichwa wazi, nywele amezifumua nusu. Anaipokea ndoo, anaijaza kwenye koki yetu, anairudisha juu ya ukuta, mikono ya mkewe Jicho inaipokea. Wanaongea. Halafu mke wangu anacheka. Anarusha kichwa nyuma na kushika kiuno, anacheka kama msichana. Sijui kacheka nini. Kamera haina sauti.

Jicho alikuwa ameshageukia ukuta. Imamu ameinamisha kichwa, anatazama zulia. Mimi peke yangu ndiye niliyebaki natazama, natafuta wizi uko wapi.

Imamu akasema zima. Nikabonyeza, picha ikaganda. Ikaganda pale pale anapocheka, ikajaa televisheni nzima. Nikabonyeza tena, ikaanza upya. Ndipo mke wangu akaingia na sinia la chai, amejistiri kwa wageni kuanzia utosini hadi vidoleni, akajiona kwenye televisheni.

Akaweka sinia chini. Akachomoa waya wa televisheni. Hakunitazama, alizungumza na imamu. Akasema, sheikh, siku za zamu yetu sisi tunawajazia wao, siku za zamu yao wanatujazia sisi. Ni mapatano yangu na mwenzangu tangu tulipohamia. Huyu hugonga tangi likishuka. Basi muulize, likipanda siku ambayo bomba letu ni kavu, alidhani inanyesha?

Imamu akaniangalia, anasubiri. Nikasema kweli kwamba nilidhani ni baraka ya swala zangu.

Hakuna aliyekunywa chai. Jicho mlangoni akanishika bega akasema, ndugu yangu, ile kamera yangu ni ganda. Haina kitu ndani, nimeweka ya kutishia wezi. Sikujua itakutia wewe tamaa.

Ganda! Na mtaa mzima unamwamkia.

Alhamisi, 18 Septemba

Amekwenda kwa dada yake. Shemeji alikuja kumbebea begi, akatazama nilivyofunga kamera, akatikisa kichwa, akaondoka bila kuniaga. Cherehani yake, anayoshonea nguo za watu, imebaki.

Mke wangu alisema maneno machache, tena bila kupandisha sauti. Kwamba haikumuuma kuitwa mwizi, maana sikuwa nimemwita yeye. Kinachomuuma ni kwamba alikiogopa kile kitu, mimi nikamwapia, akaniamini, akafumua nywele. Na wanaume wawili wa nje walijua kufumba macho kabla yangu. Kwamba hatarudi mpaka kitu kile kishuke, na mpaka niende nikaombe radhi kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikamwambia tutaongea. Akasema ndiyo, kwa mdomo wako.

Ijumaa, 19 Septemba

Hotuba ya Ijumaa ilikuwa juu ya sitara ya nyumba. Imamu hakutaja mtu. Mimi nilitikisa kichwa sana ili watu wajue ninakubaliana naye kwa jumla.

Baadaye akaniita pembeni. Akasema kwa dada wa mkeo si mbali, unatembea kwa miguu, nenda leo, usipeleke maelezo, peleka radhi. Nikamwambia inshallah. Nilivaa kanzu, nikafika kona ya mtaa, nikamwona mwenye duka ananitazama. Nikarudi. Nyumba imekuwa na mwangwi. Chai ya Jumatano bado imo kwenye birika, imeota utando.

Jumapili, 21 Septemba

Tangi limeshuka. Niko peke yangu, natumia kopo, na limeshuka. Leo si zamu yetu na halikupanda kama lilivyozoea, ukuta uko kimya, ile ndoo haionekani. Chini ya bomba nilipoziba kuna kidimbwi na kuku wanaoga. Namshuku shemeji. Aliutazama ufundi wangu vibaya siku ile.

Video ile nilitaka kuifuta. Nimeiangalia tena kwanza. Mara kadhaa. Anacheka vizuri. Kama ningekuwa na sauti ningejua anacheka nini, pengine hata mimi ningeweza kumwambia.

Jumatatu, 22 Septemba

Nimepata suluhisho. Nimerudi dukani, nimechukua ile yenye sauti na spika. Muuzaji akaniuliza kama mwizi alipatikana. Nikamwambia tuko hatua za mwisho.

Iko hivi. Cherehani yake imebaki, na bila cherehani hakai. Atakuja kuichukua nikiwa kazini. Akifungua geti, simu italia, nami nikiwa pale pale kwenye magodoro nitamwambia nisamehe, mke wangu. Alitaka kwa mdomo wangu. Ni mdomo wangu huo huo, umepita hewani tu. Wala sitahitaji kupita mbele ya mwenye duka.

Nimeifunga jioni hii pembeni ya ile ya kwanza, maana ile ya kwanza ni nzima, kuishusha ni hasara. Nikaenda chumbani kuijaribu. Nikafunga mlango, nikashika simu, nikasema, nisamehe. Nikasikia sauti yangu inatoka uani, nzito, kama ya mtu aliyekwama ndani ya tangi. Nikasema tena kwa upole zaidi, nisamehe, nilikukosea.

Ng'ambo ya ukuta Jicho akajibu: nimeshakusamehe, jirani. Sasa mfuate mkeo.

Spika ni nzuri sana, inafika mbali. Kesho nanunua ya tatu, niielekeze ukutani. Nataka kujua huyu bwana anasikiliza nini kwangu.