Blanketi Juu ya Barafu

Jumatatu, 3 Machi
Habari kubwa! Mnyapara wa jengo jipya ametangaza kwamba Ijumaa saa tisa atachagua muuza maji mmoja aingie ndani ya geti, penye kivuli na mafundi themanini wenye kiu. Atakayeshindwa abaki nje juani. Tuko wawili tu: mimi na shemeji, dada wa mke wangu. Mwenye maji baridi zaidi ndiye ataingia. Barafu tunanunua kwa mtu mmoja, lakini yangu leo imeyeyuka saa saba. Yake saa nane. Nimeumia.

Jumanne, 4 Machi
Nina akili jamani! Blanketi huleta joto, nani asiyejua? Nimebeba lile zito la kitandani, nikamfunikia shemeji ndoo yake kubwa ya barafu na chupa za maji. Nikamwambia ni kwa ajili ya vumbi. Akanishukuru mpaka nikaona haya kidogo. Saa kumi barafu yake bado ipo! Mke wangu ameuliza blanketi liko wapi. Nimesema limeanikwa.

Jumatano, 5 Machi
Blanketi moja halikutosha. Nimeongeza koti langu la harusi. Barafu imedumu mpaka jioni! Mafundi wote foleni kwake, mimi nafukuza nzi.

Binti yangu wa darasa la sita amecheka mpaka akakaa chini. Eti blanketi halina joto lake lenyewe. Eti joto hutoka kwenye cha moto kwenda kwenye cha baridi, wala haliachi mpaka vyote viwe sawa, na kazi ya blanketi ni kulichelewesha njiani tu. Nimemwambia akaoshe vyombo. Jibu ninalo mwenyewe: blanketi hili ni la baridi.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeliomba blanketi langu. Shemeji amekataa, amesema zawadi hairudishwi. Koti pia. Basi kesho namwibia baridi yenyewe. Sijasikia mtu kufungwa kwa wizi wa baridi.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji alipokwenda msalani, nikashindilia chupa zangu thelathini ndani ya ndoo yake. Zilikuwa zimeshinda juani. Nikafunika vizuri. Saa nane na nusu nikachungulia. Barafu kwisha! Chupa zangu vuguvugu. Zake vuguvugu vilevile. Mnyapara akaonja yake, akaonja yangu, akatema yote. Amesema maji yetu ni mapacha, nafasi ni moja, twende tukaelewane nyumbani tumletee jina Jumatatu. Mke wangu ameamua mama yao aje achague. Nimekubali, nitafanyaje?

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe amefika. Ulimi wake una kidonda, hataki kitu cha moto, lakini chai anaitamani. Bahati imebisha hodi! Blanketi limerudi, mke wangu alilikuta kwa dada yake. Nimeepua chai inachemka, nikaifunga sufuria kwa blanketi mara mbili, nikangoja dakika tano nzima. Nimempelekea kikombe mwenyewe, kwa mikono miwili. Nimemwambia apige funda kubwa bila wasiwasi. Binti yangu alitaka kusema kitu, nikamkata jicho.

Naandika haya jikoni. Mama mkwe anapiga kelele huko sebuleni, na jina analolitaja ni langu. Naona ameshachagua.